Chuma Mguuni mwa Dionis

Haya alinisimulia mama mkwe wangu, Katarina, mwaka ule serikali ilipotuhamishia kijiji kipya na bani zetu za kukaushia tumbaku zikawa hazijaezekwa vizuri. Mvua ilikuwa imepenya. Asubuhi tulikaa wawili tukifunga majani kwenye fito, nikafungua fungu moja nikakuta katikati limeoza, jeusi, linateleza kama konokono. Harufu ikatupiga usoni. Mama akalisukuma nje kwa mguu, akatema mate, akajifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena.

"Harufu hii," akasema, "nimeishi nayo Kanyenye."

Ndipo akanieleza habari ya mguu wa mume wake, yaani mzee Dionis, baba mkwe wangu. Sisi tuliolewa tukamkuta anatembea na fimbo, mguu wa kushoto una vidole vitatu, na hakuna aliyetuambia vile viwili vilikwenda wapi. Humu nitamtaja kwa jina, na mama pia, maana wakati huo hawakuwa wakwe wa mtu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Dionis alikuwa kwenye genge la reli, lile lililoshika njia kutoka Goweko kwenda Tura. Siku moja walikuwa wanashusha vyuma vya reli kutoka kwenye behewa, kimoja kikateleza kikamwangukia juu ya mguu. Mifupa ya katikati ikasagika. Wayo wake, ambao zamani ulikuwa na tao kama wayo wa mtu yeyote, ukalala bapa kama chapati. Akarudishwa nyumbani. Mtu wa reli asiyeweza kusimama hana kazi, na shambani pia asiyeweza kusimama atalimaje.

Sasa Tabora mjini kulikuwa na daktari mmoja Mzungu, si wa serikali wala wa misheni, aliyekuwa na hospitali yake ndogo nyuma ya nyumba anayoishi. Jina lake halisi lilikuwa gumu na hakuna aliyejisumbua nalo. Watu walimwita Daktari Kidole, kwa sababu hakuwa anaongea na mgonjwa mpaka kwanza ambonyeze kwa kidole pale panapouma. Huyu alikuwa amebuni kitu. Kilikuwa kipande cha chuma cheupe, kimepinda kama daraja dogo, kina matundu ya skrubu huku na huku. Alisema mguu uliolala, ukipasuliwa na chuma hicho kikapachikwa chini ya mifupa, utasimama tena. Alikuwa na chuma, anatafuta mguu. Dionis alikuwa na mguu.

"Alimpasua bure," mama aliniambia. "Hakutaka hata kuku. Hilo ndilo lililotufunga. Mtu aliyekutendea bure utamwambia nini?"

Na mwanzoni kweli alitembea. Kidonda kilifunga, Dionis akaweka mguu chini, akaenda mwenyewe mpaka kisimani na kurudi. Watu wa Goweko walikuja kumwangalia kama wanavyokuja kuangalia baiskeli mpya. Wengine waliinama kabisa wakagonga wayo wake kwa kucha, wasikie kama utalia kama sufuria. Daktari Kidole alimpiga picha amesimama, picha ameinua mguu, picha ameshika jembe.

Mvua zilipoanza, mguu ukavimba. Pale penye mshono pakafunguka kitundu, mama alikiita jicho. Jicho likatoa maji, halafu likatoa usaha wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Katarina aliuosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Nyama ya pembeni ikageuka kijivu, inalegea kama ugali uliolala. Nzi walimfuata Dionis mpaka kanisani, na watu wa benchi lake wakaanza kukaa benchi la nyuma, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Siku moja alipokuwa anaosha, Katarina alibonyeza kidogo pembeni ya jicho, midomo ya kidonda ikaachana, na ndani akakiona kile chuma kinang'aa kama jino.

"Nilitoka nje nikatapika," mama alisema. "Nikanawa, nikarudi, nikamaliza kuosha. Dionis akaniomba radhi. Eti yeye aniombe radhi mimi."

Wakapanda treni kwenda Tabora. Daktari Kidole aliufungua mguu, akabonyeza, kisha akanusa kidole chake.

"Kitoe, bwana," Dionis akasema. "Nakushukuru, umenisaidia sana. Lakini sasa kitoe."

"Nitakitoa," daktari akasema. "Si sasa."

Akawaeleza. Kiswahili alikijua, tena vizuri kuliko wengi wao. Alikuwa ameandika Ulaya kuomba pateni. Siku hizi nasikia inaitwa hataza. Ni karatasi inayosema kitu fulani kimebuniwa na mtu fulani, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Wale wa huko kabla hawajaitoa wanakagua.

"Wanauliza mambo mawili," daktari akasema. "Chuma hiki ni kipya, au yuko mwingine aliyekibuni kabla yangu? Hilo nimelijibu. La pili, je, kinafanya kazi kama nilivyoandika? Mimi nimeandika mtu ametembea, wao wanataka shahidi mwingine asiye mimi. Anakuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam kumwona mtu huyo. Nikikitoa leo, akija aangalie nini?"

Katarina alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Akauliza, "Na mguu ukioza kabla hajafika?"

"Chuma hiki hakiozi, mama. Ndiyo maana nikakichagua."

"Chuma hakiozi," Katarina akasema. "Anayeoza ni mume wangu."

Daktari akamgeukia Dionis. Alimwambia Dionis kwamba akienda kwingine, daktari asiyejua skrubu zilivyokaa atavunja mifupa yote na mguu utakatwa gotini. Alisema hivyo kwa upole, huku anamfunga bendeji mpya. Dionis aliogopa. Tena alikuwa mtu wa shukrani, na hofu ikikutana na shukrani mtu anabaki amekaa pale pale alipowekwa.

Basi wakakaa mjini kumngoja mkaguzi. Daktari aliwatafutia chumba mtaa wa Kanyenye, kwa mjane mmoja Mwarabu, Bi Tufaha, aliyekuwa akipikia wasafiri na kuuza udi na halua barazani kwake. Alikuwa mwanamke wa heshima, mzito, hapandishi sauti. Katarina alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akawaonyesha chumba, akawaletea mkeka wa nyongeza. Jioni ile ile akawasha chetezo, akakiweka mlangoni kwao.

"Mbu," alisema. "Mwaka huu mbu wamezidi."

Kesho yake akawasha vyetezo viwili. Baadaye akawasha na kimoja uani. Udi ukafuka mpaka macho yakawa mekundu, na chini ya udi ile harufu ikawa pale pale, nene, tamu tamu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye asali. Wateja wa halua walinunua huku wanapumua kwa mdomo. Hakuna aliyesema neno. Bi Tufaha hakusema, jirani hakusema, Dionis hakusema, na Katarina angemwambia nani?

Daktari naye alikuja kila siku na dawa zake. Alinyunyiza unga wa njano, akafunga bendeji, halafu akatoa chupa ya marashi mfukoni, marashi ya kike, akamimina juu ya bendeji mpaka ikalowa. Mama aliniambia hajapaka marashi tena tangu siku hizo. Hata msibani wakipitisha anaondoka. Mwishoni daktari akaleta buti mpya, za ngozi nzito, zinazofika juu ya kifundo, akamvalisha Dionis mwenyewe kwa mikono yake. La kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia ili uvimbe uingie. Alipomaliza kufunga kamba akamgonga begani, akatabasamu kama mtu aliyefunika shimo.

Mkaguzi alifika na treni ya bara. Alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu na shingo iliyoungua jua, amekuja na mpishi wake. Asubuhi yake Dionis akaitwa kwenye baraza ya daktari. Katarina alimsindikiza akasimama chini ya ngazi, aone kila kitu.

Mezani palikuwa na michoro ya kile chuma, picha za eksirei, na chuma kingine cha aina ile ile, kipya, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe. Mkaguzi alikishika, akakipima, akalinganisha na michoro, akaandika. Akainua pua.

"Kuna harufu gani?"

"Ngozi za ng'ombe," daktari akajibu upesi. "Kuna mfanyabiashara anaanika ngozi mbichi huko nyuma. Nimelalamika mara nyingi."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Dionis, akamwambia kwa Kiswahili cha kitabuni, polepole, "Hujambo, Dionis?"

"Sijambo, bwana. Shikamoo."

"Habari ya mguu?"

"Nzuri, bwana."

Mkaguzi akaandika.

Hapa mama aliweka chini ufito aliokuwa anaufungia majani, akaniangalia, kwa sababu alijua nitaelewa. Kwetu mtu akikuuliza habari unajibu nzuri. Kwa Kinyamwezi unasema mhola. Nyumba imeungua, mhola. Mtoto amefariki jana, mhola. Huwezi kumtupia mgeni ubaya usoni hata hajatulia. Halafu yule aliyeuliza, kama ana adabu, anakaa kidogo, anaangalia chini, anauliza tena, "Nzuri?" Hapo ndipo unasema ila. Ila nyumba imeungua. Ila mtoto hatunaye. Dionis alijibu salamu, akakaa sawa, akashika magoti, akangoja aulizwe mara ya pili. Ila yake ilikuwa tayari mdomoni.

Mkaguzi alifungua ukurasa mwingine. "Tembea," akasema.

Dionis akatembea. Alikwenda mpaka kwenye maua ya daktari akarudi, amenyooka, hachechemei, maana mtu ukiambiwa utembee mbele ya watu unajikaza. Jasho lilimtiririka masikioni. Katarina alisikia kila anapoweka buti lile chini linatoa mlio, kama mtu anayekanyaga tope.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema. Kwa vile daktari alisema bendeji isifunguliwe, kuna mchubuko mdogo wa kiatu, hakuomba kuona. Alifunga daftari. "Kwa sasa natosheka. Lakini watataka kujua kama kinadumu. Kisiguswe. Nitarudi mwakani nikione tena, hapo tutamaliza."

Uso wa daktari uling'aa. Dionis alimgeukia mke wake, na mama alisema hajawahi kuangaliwa vile tena na mtu yeyote, hata na wanaokata roho.

Mkaguzi alipoingia ndani kunywa chai, Dionis alimfuata daktari penye ngazi. "Bwana, ulisema akishaondoka unakitoa."

"Umemsikia mwenyewe," daktari akasema. "Mwakani."

Walirudi Kanyenye. Chumbani Katarina ndipo alipomgeukia.

"Kwa nini ulisema nzuri?"

"Alinisalimu."

"Alikuwa anakagua, Dionis."

"Sasa ningemwambiaje mgeni, hata hajanijua vizuri, kwamba nanuka? Nilingoja aulize tena."

"Wazungu hawaulizi mara ya pili."

"Nimeona," akasema, akalala chali akifunika uso na mkono.

Mwakani. Katarina alijua mwakani hakutakuwa na mguu wa kukaguliwa, na pengine hata mwenye mguu. Alikaa uani akikuna nazi ya Bi Tufaha, na kinyaa kilichomjaa hakikuwa cha usaha tena. Usaha alishauzoea. Aliona kinyaa cha lile tabasamu la daktari, cha chupa yake ya marashi, cha vyetezo vya Bi Tufaha, na hata adabu ya mume wake ilimchefua. Watu wote wazuri, alisema, wamekizunguka kitu kinachooza wanapumua kwa mdomo.

Alasiri akaingia mtu barazani kutafuta chakula. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya viua, mwembamba, ana maneno mengi. Alisema anaitwa Shomari, ni mpishi wa yule bwana mkaguzi, kapika nyama ya kuchemsha na viazi mpaka ulimi wake mwenyewe umekufa, anataka pilau. Bi Tufaha akamkaribisha. Alipokaa tu, akasimama tena. Akaangalia huku na huku, akamwona Dionis aliyeletwa kukaa kwenye kivuli, na Katarina na mbuzi yake ya nazi.

"Ninyi kabila gani?"

"Wanyamwezi," Katarina akasema.

"Ahaa. Mimi Mzaramo. Ndiyo maana nasikia uvundo, nikadhani punda kafia ndani, kumbe ni watumwa wangu tu wamekaa."

Mkono wa Bi Tufaha uliokuwa unatia udi kwenye makaa ulibaki hewani. Halafu Dionis akaanza kucheka. Alicheka kwanza kidogo, halafu kwa tumbo lote, akashika ukuta, machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuacha upesi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ametamka.

Katarina naye akajibu, kwa sababu mtani hujibiwa. "Mzaramo na pua wapi na wapi. Pua yenu inajua nazi iliyochacha tu, na hiyo nazi mnaiangalia inadondoka yenyewe kwa uvivu wa kupanda."

"Afadhali uvivu. Babu yako alibeba pembe za watu kichwani mpaka shingo ikaingia tumboni."

"Na babu yako alikaa njiani anaomba hongo kama chura mdomo wazi."

Walikuwa wanasema kweli wote. Babu yake Katarina alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi kwa njia ile ya misafara inayopita hapo hapo Kanyenye. Wanyamwezi waliougua njiani walifia Uzaramo, na Wazaramo wakawazika, ingawa juzi yake walikuwa wamepigana nao. Ukaanzia hapo utani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Akikukuta umevaa kitu kizuri anakivua, anaondoka nacho, na wewe huruhusiwi kumnyima. Na ukifa, anayegusa maiti yako wengine wakiona kinyaa ni yeye.

Shomari alipokwisha kucheka alimsogelea Dionis, akaangalia buti, akashusha sauti. "Huo ni mguu wa mtu hai?"

Katarina akamweleza yote, tangu chuma cha reli mpaka neno la mwakani. Shomari alisikiliza huku pilau inapoa.

"Mimi mpishi," akasema mwishowe. "Bwana nampelekea chai. Siwezi kumwambia kazi yake, atanifukuza, na yule daktari atasema nimehongwa."

"Sikuombi umwambie kitu. Wewe ni nani kwetu?"

"Mtani."

"Na Mnyamwezi akivaa buti mpya mbele yako wewe umevaa ndara, unafanyaje?"

Shomari aliziangalia zile buti kwa muda. Halafu alirudi kwenye sinia yake, akala, akanawa. Alipokuwa anatoka alimwambia Bi Tufaha, "Pilau tamu, bibi. Lakini nyumba yako inanuka." Bi Tufaha aliinamisha macho.

Kesho yake mkaguzi alikuwa anarudi Dar es Salaam, na Daktari Kidole mwenyewe ndiye aliyewapeleka Dionis na Katarina stesheni. Alitaka picha ya kuagana, yeye na mkaguzi, na Dionis katikati amesimama kando ya treni. Watu walikuwa wengi, wauza mayai, wauza karanga, wapagazi wa stesheni na mikokoteni yao. Dionis akakalishwa kwanza juu ya sanduku apumzike, na daktari akawa anapanga kamera yake. Shomari alikuwa anapakia mizigo ya bwana wake. Alipoweka sanduku la mwisho, akajifuta mikono, akaja akasimama mbele ya Dionis, mikono kiunoni.

"Wewe mtumwa wangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye injini. "Umepata wapi buti? Mnyamwezi buti, Mzaramo ndara? Lete changu."

Watu wakacheka wakasogea. Mkaguzi naye akatabasamu, akauliza kuna nini, mtu mmoja akamwambia, "Watani, bwana. Anamvua kiatu."

"Hapana," daktari akasema. "Kiatu kisivuliwe. Dionis, kataa."

Dionis alimwangalia daktari, akamwangalia mtani wake. Kumbuka ni mtu wa adabu. Alimjibu mgeni kwa adabu, akamtii mfadhili wake kwa adabu. Lakini mtani hanyimwi, na hilo ni adabu ya zamani kuliko zote mbili. Akauinua mguu wa kushoto taratibu, akamnyooshea.

Shomari akakata kamba kwa kisu chake cha jikoni, akavuta. Buti halikutaka. Akavuta tena, likatoka na mlio wa kitu kinachonyonywa, na bendeji ikatoka nalo, na sehemu ya kilichokuwa chini ya bendeji.

Mama hakunieleza kwa urefu. Alisema muuza mayai aliangusha tenga lake lote. Alisema mguu ulikuwa wa rangi ya zambarau na kijani, vidole viwili vimekuwa vyeusi kama mkaa, jicho limekuwa mdomo, na ndani ya mdomo kile chuma cheupe kinameta, na pembeni yake kitu kinatembea. Funza mmoja akadondoka. Akadondokea kiatu cha daktari, kilichong'arishwa, akawa anajikunja pale juu ya ngozi nyeusi, na daktari hakuthubutu hata kutikisa mguu.

Watu walirudi nyuma. Mkaguzi alishika leso puani. Wa kwanza kusema alikuwa yeye, na alimwambia Dionis, si daktari.

"Ulisema mguu ni mzuri."

"Ulinisalimu, bwana," Dionis akasema. "Nikaitikia. Ukawa hukuniuliza."

Mkaguzi akautazama ule mguu. Halafu akauliza, leso bado puani. "Haya. Unauma?"

"Sana, bwana. Nilimwomba akitoe tangu kabla hujaja. Alisema akikitoa wewe hutakuwa na cha kuangalia."

Hapo mkaguzi alimgeukia daktari, wakasemezana Kiingereza, mkaguzi kwa maneno machache na daktari kwa mengi. Alilitoa daftari lake, akapiga mstari ukurasa mzima. Shomari, aliyejua Kiingereza cha jikoni, akamwambia Katarina chini chini, "Anasema kitu hiki hakifanyi kilichoandikwa. Anasema karatasi haipati."

Katarina alitegemea atafurahi. Lakini alimwona mkaguzi anakwenda kwenye bomba la stesheni, ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na mikono hiyo haikuwa imegusa kitu. Hakuugusa ule mguu jana, hakuugusa leo. Alinawa, akapanda behewa lake, akafunga dirisha.

Daktari akamjia Dionis. "Twende. Nitakitoa sasa hivi."

"Si wewe," Katarina akasema.

"Mwingine hajui skrubu zilivyokaa."

"Basi atajua akifika. Si wewe."

Shomari aliomba mkokoteni wa mizigo kwa wapagazi, wakamlaza Dionis juu yake, na yeye mwenyewe akaushika miguuni, upande wenye harufu, akasukuma mpaka nje ya stesheni. Filimbi ilipopigwa akakimbilia treni akiwa na lile buti kwapani. Hakulirudisha. Baadaye watu wa genge walisema waliliona kando ya reli karibu na Goweko, kwa hiyo alivumilia nalo mpaka hapo.

Wapagazi wakampeleka Dionis hospitali ya masista. Daktari wa kule hakuahidi kitu. Alipasua, akafungua skrubu, na mifupa haikuvunjika. Vile vidole viwili viliondoka. Mguu ulibaki.

Sista akamletea Katarina kile chuma kwenye bakuli, kimeoshwa. "Utataka kukiona," akasema.

Katarina akakishika. Kilikuwa kizima. Hakina kutu, hakina mkwaruzo, kinang'aa kama siku ya kwanza, utadhani hakijawahi kukutana na mtu.

"Hicho ndicho kilichonichefua kuliko vyote," mama aliniambia. "Kimekula nyama ya mume wangu na hakina hata doa."

Baada ya siku kadhaa, mchana, Daktari Kidole akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. Hakuuliza hali ya mgonjwa.

"Nimekuja kuchukua chuma changu," akasema. "Ni mali yangu. Nahitaji kukichunguza, nijue nirekebishe wapi."

"Kipo," Katarina akasema.

"Kiko wapi?"

"Chooni. Kile cha mwisho, karibu na ukuta. Nenda kabonyeze kwa kidole."

Daktari akavaa kofia, akaondoka. Dionis, ambaye tangu mvua zianze hakuwa amelala usingizi wa kueleweka, alicheka kwa pua, akageuza kichwa ukutani. Kabla Katarina hajamvutia shuka alikuwa anakoroma.

Bi Tufaha alifika na uji wa mchele kwenye birika. Akakaa kwenye mkeka, akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Akavuta tena.

"Kulikuwa kunanuka, mwanangu," akasema.

"Tulijua, Bi Tufaha."

"Nilijua mnajua."

Bi Tufaha akatoa tasbihi yake, akaanza kuihesabu, na baada ya kitambo vidole vikasimama, kidevu kikashuka kifuani. Wodi ilikuwa imefagiliwa, madirisha wazi, na upepo ulioingia ulikuwa na harufu ya vumbi lililonyeshewa tu. Katarina akaegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda. Ulikuwa wa chuma, wa baridi. Akakiondoa kichwa, akasogea, akakiegemeza kwenye ukuta wa udongo, ambao ulikuwa na joto la jua, na hapo akalala.